Fundo la Baba

Juzi nilirudi Mayfair kununua iliki, nikaganda katikati ya barabara. Robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku Johannesburg, ilikuwa imeniruhusu nivuke, lakini miguu ilikataa. Magari yakapiga honi. Mama mmoja wa Kisomali akanishika mkono, akanivusha kama mtu asiyeona, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Ningemwambiaje kwamba kilichonigandisha ni msumeno wa injini uliokuwa ukikata mti mtaa wa pili, na kwamba mlio wake haukunisumbua hata kidogo mpaka uliponyamaza?

Ukikulia nyumba za kawaida, msumeno wa namna hiyo ukinyamaza unashukuru umepata utulivu. Mimi nilikulia kwa mpanda miti. Msumeno ukinguruma, nilijua baba yu hai na mikono yake inafanya kazi. Ukinyamaza, basi ama tawi limekwisha kukatwa, ama kuna jambo. Katikati ya hayo mawili nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Watu husema mimi ni mwoga, na sibishani nao. Nilianza mapema.

Tuliishi Mayfair, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba, na ua wa saruji uliojaa vitu vya kazi. Wazazi wangu walitoka Bukavu, walokole wa kuimba mpaka sauti zikauke, lakini mtaa wenyewe ni wa Waislamu, na adhana ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha baba kwenda kukata miti. Jirani yetu alikuwa Msomali mwenye duka, mwenye Kiswahili cha Nairobi kisichopumzika. Mwezi wa Ramadhani alituletea sambusa kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, na mama hakurudisha sahani ile tupu hata siku moja. Miaka ninayokusimulia ni kama 2015 hadi 2019, mimi nikiwa shule ya msingi, nikisemeshwa Kiswahili nyumbani na kujibu kwa Kiingereza, na mama akinitazama kana kwamba nimemjibu kwa kubweka.

Baba alijifunza kazi kwa Kaburu mmoja mzee, na mzee alipochoka akajitegemea: pikapu moja kuukuu, misumeno, kamba, na mwenzake Mrundi aliyebaki chini kuburuta matawi. Alipenda kujiita daktari wa miti. Kuangusha mti, alisema, hata mwizi anaweza. Kazi ni kutoa tawi zito lililolala juu ya paa la watu, kulishusha kwa kamba taratibu, na mwenye nyumba asipoteze hata kigae kimoja. Mama ndiye aliyeendesha biashara. Alipokea simu kwa Kiingereza alichokipiga pasi kabla ya kukitoa, alipanga bei, alipanga siku, na kila kifaa kilichotoka uani kilipita kwanza mbele ya macho yake.

Misumeno ililala chini ya kitanda changu. Banda la uani lilikuwa limevunjwa na wezi mara nyingi mno, halikuaminika tena, kwa hiyo vyombo vya kazi vililala ndani na sisi, na mimi nililala juu ya meno yake nikisikia harufu ya petroli ikipanda kupitia godoro. Nilikuwa sishushi mguu kitandani bila kuangalia kwanza. Kuna siku za fujo mjini, wageni walipokuwa wakisakwa na maduka yakichomwa, baba alivuta kitanda changu akakibana na mlango, misumeno ikiwa bado chini yake. Nilikaa ukutani nikawaza kwamba wakiingia, watapata cha kutukatia. Nilikuwa mtoto mdogo kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

Jumamosi zetu zilinukia petroli na sombe, kisamvu cha kwetu. Mama aliweka sufuria jikoni tangu asubuhi, akatoka uani kuchanganya petroli na oili kwenye jagi ambalo hatukuruhusiwa hata kulitazama kwa kiu. Baba aliketi kwenye kreti, msumeno umebanwa kati ya magoti, akinoa meno ya mnyororo kwa tupa, moja baada ya jingine, upande huu wote kisha upande ule. Kriii, kriii. Kila mara alikuwa na neno lake: msumeno butu ndio unaoua, kwa sababu unakulazimisha kuusukuma. Alipulizia filta, akasugua plagi kwa brashi ya meno iliyochakaa, kisha akaujaribu kwenye gogo. Ukitoa unga, bado ni butu. Ukitoa vipande vyembamba vinavyoruka kama maganda ya karoti, basi uko tayari. "Kuya ushike tupa, mwoga wangu," aliniita, naye alijua sitakwenda. Alicheka, nami nikamchukia kidogo kwa kule kucheka.

Lakini kamba zilikuwa za mama. Kabla ya miti, mama alikuwa msusi kwenye saluni ya mjini, na vidole vyake vilikuwa na akili yake peke yake. Jumapili mchana, baada ya kanisa na kabla ya chakula, aliketi sakafuni, akafumba macho, akaipitisha kamba nzima ya baba kati ya kidole gumba na cha shahada, pole pole, kama anayetafuta chawa kichwani. Hapo hatukusema. Redio ilizimwa. Akigusa uzi uliokatika, hata mmoja, alisimama, akarudi nyuma, akagusa tena. Mara moja alisimama mahali ambapo mimi na baba hatukuona kitu, akachukua kisu akaikata kamba ile vipande viwili papo hapo. Baba alilalamika. Mama alimpa kipande akamwambia akifungue, na ndani, chini ya nyuzi nzuri za juu, mlikuwa mmeliwa.

Kamba zilifuliwa kwenye beseni la kuogea kwa sabuni laini, zikaanikwa ukumbini mbali na jua, tukawa tunapita chini ya mizunguko yake tukiinamisha vichwa. Kamba haikurukwa, haikukaliwa, haikukanyagwa. "Ukikanyaga kamba umekanyaga baba yako," mama alisema, na mimi niliyaamini maneno hayo moja kwa moja, bila kuyapunguza. Rafiki zangu shuleni wakiruka kamba, mimi nilikaa pembeni.

Sasa nikueleze kuhusu fundo, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Kamba kubwa ilipitishwa juu kwenye panda ya mti. Ncha moja ilifungwa kwenye mkanda wa kiunoni wa baba, na upande wa pili ulishuka mbele yake mpaka ardhini. Kwenye upande huo wa pili baba alizungusha kikamba kifupi, kinene kama kidole, mara kadhaa, kisha akakifunga kwenye mkanda wake. Hilo ndilo fundo. Akilisukuma juu, lilipanda naye. Akilikalia, lilibana. Akilibonyeza kwa kiganja, lilimshusha polepole kama anayeteremka ngazi. Hapakuwa na mashine hapo. Kilichomshika mwanamume mzima juu ya mapaa ya watu ni ukavu wa uzi juu ya uzi. Ndiyo maana mama hakuruhusu mtu yeyote aliyetoka kula sambusa kukigusa kikamba kile kabla ya kunawa kwa sabuni, hata mimi, hata baba mwenyewe.

Baba akifika chini salama alimbipu mama. Simu iliita mara moja, ikakata, na mama akaendelea na alichokuwa akifanya. Siku ambazo ilichelewa, aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikuwa nikirudi shuleni naangalia kwanza karai la vyombo, kisha uso wake.

Ndipo akaja bibi. Mama yake baba, Koko tulimwita, kama watu wa kwetu wanavyoita bibi. Alikuja kwa basi kutoka Bukavu, nchi baada ya nchi, na kifuko cha sambaza wakavu, dagaa wa ziwa la kwetu, kilichomtangulia kwa harufu mpaka ndani ya chumba changu. Alikuwa mwanamke mdogo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Baridi ya Johannesburg ilimtisha, kuta ndefu zilimtisha, mbwa walimtisha, lakini yote hayo yalikuwa dibaji. Kilichomtisha kweli alikiona siku baba alipomwonyesha picha kwenye simu: mwanawe wa kwanza, kadogo kama ndege, juu ya mkaratusi. Koko aliirudisha simu, akaenda kulala mchana kweupe. Kuanzia hapo aliomba kila asubuhi baba akitoka na kila jioni akirudi, na katikati hakula vizuri. Ulikuwa unyonge wangu mimi, katika mwili wa mtu mzima, na nakiri ulinifariji. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Baba alimtania kama alivyonitania mimi. Koko alipomkumbusha kwamba mpanda ngazi hushuka, baba alimjibu kuwa yeye hapandi ngazi, anapanda miti. Koko hakucheka. Akamwambia kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio, na kwamba yeye amekwisha kulia vya kutosha huko alikotoka.

Mwaka huohuo miti ya mji ilianza kufa. Kuna mdudu aliyeingia, mdogo kama mbegu ya ufuta, anayetoboa gome na kuingia na ukungu wake ndani. Mti mzima unakauka umesimama. Simu za mama hazikutulia. Mialoni mikubwa ya matajiri wa kaskazini mwa mji, iliyopandwa na mababu zao, ilikuwa inakauka juu ya mabwawa ya kuogelea na vyumba vya watoto, na kila mmoja alitaka iondolewe kabla ya mvua. Kwa biashara ulikuwa wakati mzuri. Kwa roho zetu ulikuwa mbaya, kwa kuwa mti hai hupinda ukikuonya, lakini mti uliokufa huvunjika bila kusema. Baba alianza kurudi bila utani. Hilo liliniogopesha kuliko maelezo yoyote.

Kanisa letu lilikuwa ghala la zamani upande wa Newtown, na lilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Jumapili moja kila mwaka, waumini walileta vyombo vyao vya kazi viombewe na kupakwa mafuta. Ungeona wasusi na vitana na mashine za kukaushia nywele, mafundi na cherehani zilizobebwa kichwani, walinzi na kurunzi zao, kijana mmoja na kompyuta yake, na dereva mmoja aliyeng'oa usukani wa gari lake akauleta umefungwa kwenye gazeti, kisha ukagoma kurudi mahali pake, akalazimika kuvutwa kwenda nyumbani. Mchungaji alipita akitia tone moja la mafuta yenye manukato ya waridi kwenye kila kitu, na aliyetaka alijaziwa kichupa cha kwenda nacho nyumbani. Sisi tulileta helmeti na msumeno. Kamba mama aliileta pia, lakini aliifunika kitenge, na mchungaji alipofika alimwambia kwa adabu kwamba hiyo iombewe kwa maneno tu. Mchungaji alicheka, akakubali, akaweka mkono juu ya kitenge.

Koko hakukubali. Njiani alimwambia mama, "Vyuma munapakaa mafuta, na kitu yenye inashikaka mutoto wangu munaifunika?"

Mama alimweleza kwa upole kwamba mafuta na kamba havipatani, kwamba kamba itateleza.

"Haya si mafuta ya kupikia," Koko alisema. "Ni ya Mungu."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mkwe wako amesafiri nchi baada ya nchi, mikono yake imejikunja kwa baridi, na anakuuliza kwa nini unamficha Mungu mwanawe.

Jioni ile, baba akipanga vyombo, Koko alimwendea. Nilikuwepo, nikila. Alimwuliza, "Mu hizi kamba zote, gani njo inakushikaka?" Baba, ambaye hakuweza kukataa kufundisha, alichukua kile kikamba kifupi akamwonyesha kilivyozungushwa, kinavyobana, kinavyoachia. "Ni hii tu, Mama. Maisha yangu yote iko hapa." Koko alikitazama kwa muda mrefu kama anayetazama mtoto wa kwanza wa mtu.

Jumamosi iliyotupata ilikuwa ya mwezi wa nane, upepo ule mkavu unaopasua midomo. Kazi ilikuwa mwaloni mmoja mkubwa, umekufa, kwenye nyumba ya kaskazini yenye ukuta mrefu. Mama alikwenda kwa sababu ya ukubwa wa kazi, azungumze na mwenye nyumba. Koko alikwenda kwa sababu alisema hatalala tena mpaka aone mahali mwanawe anapofanyia kazi. Nami nilikwenda kwa sababu hapakuwa na wa kubaki naye. Tulibeba chai kwenye thermos, mikate ya kukaanga, na mabakuli ya bugali na sambaza kwa ajili ya mchana.

Asubuhi kazi ilikwenda salama. Baba alilijaribu fundo lake karibu na ardhi kama kawaida, akalikalia, akajirusharusha, kisha akapanda. Mlio wa msumeno ukawa unakuja na kukatika, na mimi nikawa nafumba macho na kuyafumbua. Ulipofika wakati wa chai alishuka, akajifungua kamba, akaliacha fundo likining'inia kwenye kamba usawa wa kifua, akaja kukaa nasi kwenye turubai. Alikunywa chai akipuliza. Mama alikuwa langoni na mwenye nyumba. Mrundi alikuwa akipanga matawi kwenye pikapu. Nilimwona Koko akiwa amesimama mbele ya kamba, mgongo kwetu, kitenge chake kikipigwa na upepo, midomo ikienda. Nilidhani anaomba. Na kweli alikuwa anaomba.

Baada ya chai baba alijifunga tena, akapanda. Hakulijaribu fundo mara ya pili. Alikuwa ameliacha muda mfupi tu, mbele ya macho ya familia yake. Alipofika katikati nilimsikia akimwambia Mrundi, "Hii fundo iko na utelezi leo."

"Eish, ni ile baridi, chef," Mrundi akamjibu bosi wake kutoka chini.

Baba alifuta kiganja kwenye suruali, akaendelea kupanda. Kiunoni alikuwa na mkanda wa pili, sheria ya mama, wa kukumbatia shina. Lakini mkanda ule hufunguliwa ukitaka kupita tawi. Msumeno ulinguruma, tawi likaanguka, Mrundi akaliburuta kuelekea lango. Kisha msumeno ukanyamaza.

Niliinua macho. Baba alikuwa ameufungua mkanda wa pili na amenyoosha mguu kupita tawi. Halafu kukawa na sauti ndogo, kama ya mtu anayenyamazisha mtoto. Ilikuwa kamba inapita ndani ya fundo. Baba alianza kushuka, na hakuwa anajishusha. Mkono wake ulikuwa juu ya fundo, ukilibana, na fundo halikumsikiliza. Sikupiga kelele. Mpaka leo naota nipo pale na sipigi kelele.

Mama ndiye aliyekuwa anakimbia. Baadaye niliwaza: na yeye alikuwa akiusikiliza ule ukimya, siku zote, kuliko mimi. Alikuwa ameshageuka kutoka langoni kabla ya fundo kuachia. Aliudaka mkia wa kamba kwa mikono mitupu, akajitupa chini akiwa ameushika, na kamba ikapita viganjani mwake huku baba akishuka, ikapunguza, ikapita, ikapunguza. Baba aligonga tawi la chini, akazunguka, akaangukia lundo la majani. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Kisha nikamsikia akitukana kwa Kifaransa, na hiyo ndiyo sauti tamu kuliko zote nilizowahi kuzisikia.

Mama alibaki amelala na kamba mkononi. Hakuweza kufungua vidole. Koko alikuwa amepiga magoti kwenye majani akipaza sauti, "Asante Yesu, asante Yesu," na mbwa wa mwenye nyumba wakibweka mpaka povu. Wakati Mrundi anaita gari la wagonjwa, mama aliniambia nimletee kile kikamba kifupi. Nilikifungua nikamletea usoni, kwa kuwa mikono yake haikuwa mikono tena. Alinusa. Nami nikanusa. Yalikuwa mafuta ya kanisa, yale yenye manukato ya waridi, yameingia mpaka ndani ya nyuzi. Mama alimtazama Koko, aliyekuwa bado anashukuru. Kisha akanitazama mimi.

"Tia mu mufuko," alisema. "Usiseme kitu."

Nikatia mfukoni. Hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya kumpoteza baba. Nyingine ilianzia pale, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu niliitembeza mfukoni: kwamba baba angeuliza.

Na aliuliza. Alilala hospitalini na vyuma mguuni akiuliza kilichotokea kwa fundo, akilifunga hewani kwa vidole, akijilaumu kwamba amelizungusha vibaya. Mama alimwambia kamba ilikuwa imechakaa. Ni yeye, mwenye vidole vile, aliyesema kwamba kamba ilichakaa na hakuiona. Baba hakumwamini, lakini alikuwa mchovu.

Viganja vya mama vilipona vikiwa na ngozi ya kovu, inayong'aa, ngumu. Ncha za vidole zilikuwa zimekufa. Jumapili moja alijaribu kuipitisha kamba kama zamani, macho yamefumbwa, akaifikisha mwisho, akaanza tena mwanzo, akaifikisha mwisho. Kisha akaiweka chini. Hakusema alichohisi, na mimi nilijua ni kwa sababu hakuhisi chochote.

Baba alipoweza kutembea kwa magongo tulikwenda kanisani kutoa shukrani. Koko aliomba kipaza sauti. Alisimama mbele ya watu wote kwa kitenge kipya, akasimulia mti, urefu wake, upepo, na jinsi mwanawe alivyoanguka akabaki hai mahali ambapo watu wengine wangekufa. Kisha akasema, "Na mimi njo nilipakaa ile fundo mafuta. Kwa mikono yangu. Wakati wa chai. Bila ile mafuta, leo tungekuwa tunazika."

Kanisa lililipuka. Aleluya, ngoma, vigelegele, wasusi wakirusha vitambaa. Mimi nilimtazama baba. Niliona uso wake ukifungua ile siri kidogo kidogo, utelezi, chai, mafuta, mpaka ukafika mwisho. Midomo yake ilifunguka. Nilijua, rafiki yangu, kwamba neno moja tu kutoka kwake, na yule mwanamke mdogo mwenye kipaza sauti angekuwa mama aliyemwangusha mwanawe, mbele ya watu, mpaka siku ya kufa kwake. Baba alianza kuinuka. Mama alimwekea gotini mkono wake wenye makovu.

"Amina," mama alisema. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, na haikutetemeka.

Baba alikaa. Kisha naye akasema, "Amina."

Biashara haikufika mwaka mwingine. Baba hakuweza kupanda, mama hakuweza kukagua, na kamba isiyokaguliwa mama hakumkubalia mtu yeyote kuipanda, hata Mrundi aliyeomba. Vyombo vikauzwa. Siku misumeno ilipotoka chini ya kitanda changu nilifikiri nitalala vizuri, nikakesha. Sasa baba analinda lango la jengo moja la ofisi, ameketi, na mama anauza sambaza na sombe sokoni, vikiwa vimefungwa tayari kwenye mifuko. Jirani Msomali alihama, uani petu pamejengwa ghorofa, na mialoni ile yote ilikufa ikakatwa na watu wengine. Nywele zangu husukwa na wageni. Nikifumba macho nawaona sakafuni Jumapili, redio imezimwa, chakula kinasubiri, na ninatamani nirudi kwenye woga ule, kwa sababu ulikuwa na watu wote ndani yake.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza mama kwa nini hakumwambia Koko ukweli. Alikuwa anapanga mifuko. "Alikuwa na woga sawa yako," alisema. "Usingizi alikuwa hapati. Ile mafuta njo ilimupa usingizi. Nikimunyanganya, angelala na nini?"

Koko alirudi Bukavu kabla vyombo havijauzwa, na hakuna aliyemwambia kwamba viliuzwa. Kila Jumapili alipiga simu. Mama aliishika kwa viganja viwili, kwa kuwa vidole viliiangusha, akaweka sauti ya nje tusikie wote. Koko aliuliza habari za baridi, za shule yangu, za mguu wa mwanawe. Mwisho aliuliza swali lilelile, kila wiki, mpaka wiki aliyofariki: fundo, mnalipaka mafuta?

"Kila asubuhi, Mama," mama alijibu. "Hatusahau."

"Bon," Koko akasema. Tukamsikia akishusha pumzi ndefu huko mbali, mtu pekee katika familia yetu ambaye hakuwa anaogopa tena.